Kohoa

Alisema, "Simama. Shusha suruali. Kohoa."
Nami niliyebeba viazi miaka kumi na tisa
kutoka malori ya Molo hadi vibanda vya Soko la Wakulima,
gunia kwa gunia, jua la Nakuru na mvua ya Nakuru,
nikaona haya kukohoa.

Nikakohoa.
Chini ya vidole vyake viwili
kitu kikabisha hodi.

"Ngiri," akasema Daktari Jerotich,
na mimi nikacheka,
maana ngiri nawajua, wale wa mbugani nyuma ya waya,
mkia juu kama antena,
wanatimua mbio, kisha wanasahau wanakimbia nini.
Huyu wangu hakimbii.
Amechimba shimo kinenani,
gunia likipanda begani, naye anatoka;
nikilala chali, anarudi kulala.

Miaka miwili nimemficha.
Nilimfunga kwa leso ya mke wangu, ikararuka.
Nikamfunga kwa mpira wa baiskeli.
Muuza mizizi wa Kaptembwo akasema ni mshipa,
umeshuka kwa baridi ya alfajiri na husuda ya jirani,
akaniuzia chupa ya uchungu kwa mia nane.
Nilimaliza chupa.
Mshipa haukuonja.

Daktari akachora tumbo nyuma ya bahasha.
Ukuta, akasema, ukuta wa nyama,
na kila ukuta una pahali fundi alipofanya haraka.
Kwa wengine ni kitovuni.
Nikamtaja Nasipwondi wangu, akilia kitovu kinavimba kama pera.
"Huyo mwacheni akue, wengi hujifunga wenyewe.
Akifika miaka mitano na bado kipo, mlete.
Na hiyo shilingi mliyomfunga, mfungueni leo."
Kwa wengine ni kwenye kovu:
mama yangu kule Kabula, alipopasuliwa kwa kitinda mimba,
hadi leo akiinua ndoo hushika tumbo kama anayezuia mlango.
Na wako wanawake, wanalo chini zaidi, juu ya paja,
dogo kama punje ya mahindi.
"Hilo ndilo naliogopa," akasema.
"Mlango wake mwembamba."

Nikauliza: na nikiuacha hivi hivi?
Akaweka kalamu chini.

Sikuhitaji jibu. Nilimjua Gichohi.
Jumanne usiku lake lilikataa kurudi,
likawa gumu, likawaka,
akatapika kijani, akasingizia chapati za jana.
Kulipokucha tulimlaza kwenye mkokoteni, juu ya magunia matupu,
tukasukuma hadi hospitali tukipiga mbinja watu wapishe.
Utumbo ulikuwa umenyongwa tangu usiku wa manane.
Ijumaa tulimbeba tena, sita sisi,
na mimi kona ya kushoto,
na ngiri wangu ametoka kuchungulia jeneza.

Hakuna kidonge cha tundu. Tundu hushonwa.
Walinidunga sindano mgongoni,
miguu ikawa ya mtu mwingine, nikaitazama kama wageni.
Nikasikia mkasi. Nikasikia muuguzi akiulizia bei ya sukuma.
Wakanitia wavu ndani, kipande cha kiganja,
mwepesi kama neti ya vitunguu,
nyama ikue juu yake, ukuta upate ukuta.

Wiki ya nne sasa. Sibebi.
Nakaa kwenye kreti na daftari, nahesabu magunia ya wenzangu,
na kikohozi kikija nabana mshono kwa mto.
Aibu ya kukaa ni nzito kuliko viazi, asikudanganye mtu.

Leo asubuhi kaja kijana mpya, Lokwang,
mgongo kama mlango wa lori.
Akishusha gunia, mkono wa kulia unaingia mfukoni
na kubonyeza.
Naujua mkono ule.

Nikamwita nyuma ya lori.
"Kohoa," nikamwambia.

Akacheka.
Mimi nikangoja.